Ekzosi Iliyoleta Msiba

Bonareri alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, na bado alilipita gari la shemeji yake kwenye kilima cha Ekerenyo.

"Shemeji Makori," aliita bila kugeuza shingo, maana mkungu haumruhusu mtu kugeuza shingo, "nikungoje huko juu, ama niende tu?"

Makori alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe dume, na gari lake kuukuu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha lilikuwa linakohoa. Kho, kho, kho. Likasimama. Abiria wakashuka kusukuma kama kawaida yao. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, Bathsheba, aliyekuwa anapelekwa hospitali kubwa ya Kisii kwa ugonjwa wa tumbo. Mkono mmoja ameshika tumbo, mkono wa pili ameweka kwenye buti la gari, anasukuma.

"Mama, wewe usisukume! Wewe ni mgonjwa!"

"Na nikikaa ndani utanisukuma na nani?" Bathsheba aliuliza, akapumzika kidogo. "Niambie tu, mwanangu. Hili gari linanipeleka hospitali, ama mimi ndiye ninalipeleka?"

Wale waliokuwa wanasukuma walicheka mpaka nguvu zikawaishia, gari likarudi nyuma. Lilirudi karibu mpaka mtoni. Wakaanza tena.

Mambo haya yalikuwa mwaka wa sabini na tatu, wakati magari ya watu binafsi upande ule wa Nyamira yalikuwa machache hata kila moja lilijulikana kwa kikohozi chake. Gari la Makori lilijulikana kuliko yote. Mtu akiwa ndani ya nyumba yake amefunga mlango, akisikia kho kho kho halafu kimya, alisema, "Makori amefika kwenye jiwe." Hakuwa anakosea.

Lakini neno la mama lilimchoma. Alipomwacha hospitalini, daktari akisema lazima apasuliwe, Makori alimshika mkono akamwambia, "Mama, siku ya kurudi hutashuka. Nitakuleta mpaka mlangoni kwako umekaa."

"Nikiwa hai ama nimekufa?" Bathsheba aliuliza. Alikuwa mtu wa maneno hayo.

"Hai, mama."

"Haya. Tutaona."


Fundi wa Makori aliitwa Obura. Alitoka upande wa ziwa, akafungua karakana yake chini ya mti wa jakaranda kando ya soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Alilala chini ya gari muda mrefu, ikabaki miguu tu nje. Alipotoka alikuwa na uso wa daktari anayetafuta maneno.

"Omera, ndugu yangu, hii gari yako si mbovu."

"Kama si mbovu, mbona haipandi?"

"Inapumua kwa pua moja. Ekzosi imeziba masizi. Wewe ukiwa na mafua, mtu akushike pua, akubebeshe gunia, akwambie panda kilima cha Manga, utapanda?"

"Sitapanda."

"Basi usilaumu gari."

Obura akaingia kwenye kibanda chake, akatoka amekumbatia bomba limefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Alipolifunua, Makori alisahau kufunga mdomo. Lilikuwa pana kiasi cha mtu kuingiza mkono mpaka begani, linang'aa, na mwisho wake umefunguka kama tarumbeta ya kanisani.

"Hii ni ile ya magari ya mashindano," Obura alisema kwa sauti ya chini. "Moshi haigongi mahali. Inatoka tu, inaenda zake. Gari ikivaa hii, kilima kitakuwa kama meza."

"Na sauti?"

"Sauti?" Obura aliangalia kando kidogo. "Sauti iko."

Bei yake ilikuwa bei ya mtamba mwenye afya. Obura hakuijua bei ya mtamba, lakini Makori aliijua, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtamba mwenye afya. Aliitwa Nyamwamu kwa weusi wake. Hakuwa wa Makori. Alikuwa wa Bathsheba, alimpata kwenye mahari ya binti yake wa mwisho, naye alimpenda hata alimchagulia majani kwa mkono. Siku ya kwenda hospitali aliaga ng'ombe kwanza, ndipo akaaga watu.

Nyanchera, mke wa Makori, alimkuta mumewe zizini anafungua kamba.

"Unapeleka wapi ng'ombe ya watu?"

"Ya watu gani? Ya mama yangu."

"Ndiyo, ya mama yako. Si yako."

"Nyanchera, sikia. Mama atarudi na mshono kwenye tumbo. Unataka asukume gari na mshono?"

"Si atembee polepole?"

"Atembee! Na mimi mwanawe nina gari!" Makori alivuta kamba. "Gari likipanda kilima, nitabeba ndizi mara mbili kwa wiki. Kabla mama hajajua, nitakuwa nimemnunulia mwingine kama huyu."

"Na mama akifika akamwita, ng'ombe akakosa kumjibu?"

Makori alivuta tena. Nyamwamu naye aligoma mlangoni pa zizi, akatazama nyumba ya Bathsheba, halafu akaenda.


Alhamisi asubuhi Obura alilifunga lile bomba, na mchana Bathsheba alitoka hospitalini amepona, mwembamba lakini ulimi mzima. Makori alimketisha nyuma, akamwekea blanketi, akawasha gari.

Lilinguruma. Wauza ndizi wa Daraja Mbili waliinama wote kwa pamoja. Punda mmoja alikata kamba akaondoka na mzigo wa mwenyewe.

"Nyasae, Mungu wangu!" Bathsheba alishika kiti. "Nini hiyo inatufuata?"

"Ni sisi, mama!"

"Nini?"

"Ni sisi wenyewe!"

Walipofika kwenye vilima, Makori alikanyaga mafuta, gari likapanda kama limeitwa na mtu. Halikukohoa. Bathsheba aliangalia nje, akaona watu wanaotembea wanabaki nyuma, akaona hata mwanamke mwenye mkungu anabaki nyuma, na polepole uso wake ukafunguka. Alianza kupungia watu mkono. Wao hawakumpungia, maana walikuwa wameziba masikio.

"Makori!" alipiga kelele.

"Mama!"

"Kama lina nguvu hivi, kwa nini turudi nyumbani mapema? Nipeleke Magwagwa nikamwone dada yangu Drusilla. Tulale huko. Nimwonyeshe kwamba sijafa!"

Makori alifurahi sana. Alipita soko la Ekerenyo bila kusimama, mvua ikiwa imeanza na ukungu umefunika bonde lote, akaelekea Magwagwa.

Ng'ambo ya mto, nyumbani kwao, watu walikuwa wanapura wimbi uani kabla mvua haijaharibu. Ngurumo ile ilitoka ndani ya ukungu, ikapita kando ya mlima, ikapotea. Wote wakaacha kupura.

"Hiyo si lori ya majani chai," alisema Bonareri. "Lori ya majani chai ilipita jana."

"Na si gari la Makori," alisema mwingine. "La Makori linakohoa."

Sasa ni lazima ijulikane kwamba kwenye ukingo ule wa kilima, ukiondoa lori ya majani chai, sauti nzito ilikuwa na maana moja tu: lori limekodishwa kuleta maiti. Mtu mzima hakuletwa na lori kwa sababu nyingine. Na kila mtu alijua kwamba siku ile ndiyo Makori alikwenda kumchukua mama yake.

Mzee Onsongo, ndugu wa marehemu mume wa Bathsheba, aliweka chini fimbo ya kupuria. "Kwanza tusiseme haraka," alisema. "Kama ni yeye, mbona lori halikugeuka kuja huku? Limepita kwenda Magwagwa. Magwagwa kuna nini?"

Wakafikiri. Halafu Bonareri akaweka mikono kichwani.

"Magwagwa kuna Nyamongo! Seremala wa majeneza!"

Hapo hapakuwa tena na la kuuliza. Nyanchera alikuwa wa kwanza kulia, na alilia kuliko wote. Alianguka chini, akajiviringisha kwenye wimbi, akasema, "Mama, nisamehe! Mama, nisamehe!" Watu walimsifu, wakasema mke wa mwana anayelia hivyo haonekani siku hizi. Hawakujua kwamba alikuwa anamlilia mtamba.


Ijumaa asubuhi Manasseh, mzee wa kanisa, alifika amevaa tai. Alisema jambo lililokuwa kwenye mioyo ya wote.

"Leo ni Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia. Hatuwezi kuchimba kaburi siku ya Sabato, na hatuwezi kuweka maiti nyumbani mpaka Jumapili ikaharibika. Jeneza likifika, tuombe, tuzike. Kwa hivyo kaburi liwe tayari."

"Kabla ya kumwona?" Onsongo aliuliza.

"Ukimwona ndipo aache kuwa amekufa?"

Vijana walichimba upande wa kushoto wa nyumba, ambako wanawake huzikwa, na udongo ulikuwa mwepesi kwa sababu ya mvua. Huku nyuma wanawake waliingia kwa Bathsheba kusafisha. Kusafisha kukawa kutenga, na kutenga kukawa kugawa, lakini bila nia mbaya, ni kwa sababu kila kitu kilikuwa na mtu aliyekipenda. Kigoda kilikwenda kwa Bonareri. Shali ya kijani ilikwenda kwa Bonareri pia, kwa kuwa alisema ana baridi ya msiba. Chungu cha maziwa kikachukuliwa na jirani. Mke wa Manasseh alipewa mwavuli, akauliza kama ule mwingine upo. Nyanchera alikataa kuchukua hata kijiko. Wakamsifu tena.

Alasiri, jua likianza kushuka, ngurumo ilisikika chini mtoni.

"Wanafika!" Vilio vikapanda. Watu wote walikimbilia njiani, wengine na matawi mikononi. Ngurumo ilipanda kilima bila kupumzika, ikapita jiwe ambapo Makori alikuwa anasimama, na kwenye kona likatokea gari la rangi ya maziwa yaliyochacha. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa Bathsheba, na kuku mweupe mapajani, zawadi ya Drusilla.

Alipoona umati unalia, uso wake ulibadilika. Alimgonga Makori begani. Makori akazima.

"Nani?" Bathsheba aliuliza kwa hofu, akitoka. "Nani amekufa? Jamani, niambieni! Ni Onsongo?"

"Mimi niko hapa," alisema Onsongo kwa sauti ndogo.

"Sasa ni nani?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Mwanamke mmoja alizirai. Mwishowe Manasseh alivua kofia yake.

"Dada Bathsheba," alisema, "ni wewe."

Bathsheba alimwangalia. Aliangalia matawi. Aliangalia kuku wake, kana kwamba kuku anaweza kuwa na habari zaidi. Halafu macho yake yakatua kwa Bonareri.

"Bonareri."

"Mama."

"Hiyo shali inakutosha?"

Bonareri alianza kuvua shali huku bado analia, maana kilio kikishaanza hakikatiki mara moja.


Bathsheba alitaka kuingia nyumbani kwake, Onsongo akasimama mlangoni.

"Ngoja kidogo, omong'ina, bibi mzee. Usiingie bado."

"Kwa nini nisiingie kwangu?"

"Jana tulisikia ngurumo ya lori ikienda kwa Nyamongo, na umeshaliliwa. Shimo limeshachimbwa kwa jina lako. Tunafikiria kwanza."

"Fikirieni nikiwa nimekaa. Kigoda changu kiko wapi?"

Kigoda kililetwa, mbio, kutoka kwa Bonareri. Bathsheba akakaa nje ya mlango wake kama mgeni, kuku chini ya mkono, wazee wakagombana juu yake.

"Kaburi halifukiwi tupu," Onsongo alisema. "Lisipopewa kitu litatafuta mtu lenyewe. Litachukua huyu, ama litachukua mtoto."

"Hayo ni mambo ya giza," alisema Manasseh. Lakini alichungulia shimoni, akarudi nyuma hatua mbili. "Ingawa kulifukia lazima tulifukie. Sabato isilikute wazi. Habari itafika misheni."

"Basi tuzike mgomba. Wazee walifanya hivyo."

Kijana akakimbia na panga. Mgomba ukaanguka. Bathsheba aliinua kichwa.

"Huo si mgomba wangu? Ule wa karibu na choo, wenye mkungu?"

Kijana akaficha panga nyuma yake.

"Mmegawa shali, mmegawa chungu, sasa mmekata na mgomba. Haya. Kimebaki nini?" Akageukia zizi, akaita kwa ile sauti aliyokuwa anaita kila jioni. "Nyamwamu! Nyamwamu weee!"

Zizini hakukutoka mlio. Watu wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepewa ng'ombe. Nyanchera akaanza kulia upya, na safari hii hakuna aliyemsifu.

"Makori," Bathsheba aliita. "Njoo hapa karibu na mimi. Ng'ombe yangu iko wapi?"

Makori akanyoosha tu kidole. Watu wote walifuata kile kidole, kikapita zizi, kikapita mgomba, kikatua nyuma ya gari, kwenye lile bomba linalong'aa lenye mdomo kama tarumbeta.

"Nilitaka usishuke kwenye kilima, mama," alisema. "Nilikuahidi."

Bathsheba hakumtukana. Angemtukana, Makori angepumua. Aliinuka, akaenda pole pole na mshono wake mpaka kwenye gari, akainama, akalitazama bomba, akalipapasa kwa mkono kisha akaurudisha haraka maana lilikuwa bado moto.

"Huyu ndiye Nyamwamu?"

"Ndiye, mama."

"Na ndiye alikuwa ananguruma tangu jana? Huyu ndiye amewaita watu wakanililia, wakanichimbia, wakagawa vyombo vyangu?"

"Ndiye."

Akarudi, akaweka kigoda chake ukingoni mwa kaburi, akakaa. Miguu ikaning'inia ndani.

"Mgomba haukunikosea. Shimo linataka kitu, Onsongo? Lipeni huyu. Mkimwacha kwenye gari, mimi mwenyewe nitaingia humu, mfukie, mmalize kazi yenu kabla ya Sabato."

"Mama!" Makori alipiga magoti. "Ekzosi mpya hiyo! Bila hiyo gari halitapanda kilima!"

"Na mimi nikifukiwa humu, nitapanda?"

"Mama, hiyo ni ng'ombe mzima!"

"Ninajua ni ng'ombe mzima. Ilikuwa yangu."

Manasseh alilitazama jua, lilikuwa limeshuka kwenye miti ya mikaratusi. "Makori," alisema haraka, "leta spana."


Makori aliingia chini ya gari. Akatoka akipuliza vidole. Bomba lilikuwa linaunguza. Wakangoja lipoe, halikupoa. Waombolezaji, ambao tangu asubuhi hawakuwa na maiti, walipata kazi: walitengeneza mstari kutoka kisimani, wakapokezana maji, wakayamwaga kwenye ekzosi. Ilitoa mvuke, ikalia tsss, watoto wakakimbia. Onsongo alisema hata roho ngumu hutoka hivyo. Manasseh alikuwa anatazama jua, anatazama spana, anatazama jua.

Skrubu ya mwisho ilikataa. Bonareri, mwenye nguvu za kubeba mkungu na mtoto, alisukuma watu kando, akaishika spana, akaivunja skrubu. Bomba likaanguka. Wanaume wanne walilibeba mabegani, maana hawakujua njia nyingine ya kubeba kitu kwenda kaburini, wakalishusha kwa kamba.

"Ombea, mzee wa kanisa," mtu alisema.

"Mimi niombee chuma?" Manasseh alikataa. Lakini kofia alikuwa ameivua.

Onsongo ndiye aliyesema. "Ulikuwa na sauti kubwa," aliliambia bomba. "Sasa nyamaza. Usimtafute mtu hapa nyumbani." Akatupa udongo. Vijana wakafukia mbio mbio, na jua lilipogusa mlima wa upande wa pili, walikuwa wanashindilia kwa miguu.

Onsongo hakurudi tena kusimama mlangoni. Bathsheba akasimama, akachukua kigoda chake, akaingia nyumbani kwake. Ndani alihesabu, akatoa kichwa nje.

"Mwavuli!"

Mke wa Manasseh alikuwa tayari njiani anarudi nao.

Ikabaki jambo moja dogo. Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia ya kwenda kanisani, na Manasseh akasema haliwezi kulala hapo siku ya Sabato. Makori, bila kufikiri, akaingia akawasha. Gari lisilo na ekzosi lililia kama mlima umepasuka. Kuku wa Drusilla akapanda paa. Makori akazima upesi, lakini alikuwa amechelewa. Ng'ambo ya mto, kwenye ukingo wa pili, walisikia mwanamke mmoja ameanza kulia, halafu wawili, halafu kijiji kizima.

Onsongo alishika kichwa. "Sasa wale wanamlilia nani?"

"Si mimi?" Bathsheba alisema kutoka ndani. "Waacheni. Nao wamepata nafasi."


Jumapili Makori alilisukuma gari mpaka kwenye mteremko, akaliacha lishuke lenyewe kimya kimya hadi mtoni. Kutoka hapo lilivutwa na ng'ombe wa kukodi mpaka barabarani, na Nyanchera alisimama juu ya kilima akamwangalia mumewe anatembea nyuma ya gari kama mtu anayefuata jeneza. Siku nyingi hakurudi. Wengine walisema ametorokea Kericho. Bathsheba hakuuliza. Kila asubuhi alikata majani akayaweka zizini mlemle mtupu, na jioni akayatoa yakiwa yamenyauka.

Halafu jioni moja alikuwa anafagia juu ya lile kaburi, ambako nyasi zilikuwa zimeanza kuota, akahisi mtu amesimama nyuma yake. Hakuwa amesikia kitu. Hakuna mtu ukingo wote aliyekuwa amesikia kitu.

Makori alikuwa na matope mpaka magotini, na kamba mkononi. Kwenye kamba kulikuwa na mtamba mwekundu, mwembamba, pembe moja imepinda kuelekea jicho.

Bathsheba aliweka ufagio chini. Alimzunguka yule mtamba. Akamshika masikio, akamfungua mdomo, akamtazama meno, akampapasa mbavu moja moja.

"Huyu si Nyamwamu."

"Si yeye, mama. Bei ya gari ilitosha huyu tu."

"Amekonda."

"Ndiyo, mama."

"Na hii pembe?"

Makori aliinamisha kichwa. Mtamba alihema, jasho linamtoka shingoni, akanyoosha ulimi akalamba mkono wa Bathsheba. Bathsheba alitazama chini, kwenye njia yote ile kutoka mtoni, akaona alama za kwato zimepita kando ya jiwe bila kusimama.

"Haya, mwingize," alisema, akichukua kamba. "Huyu kilima amekipanda mwenyewe."